Daftari la Parokia ni Fasihi: Tusome Upya Masasi na Newala

Katika kozi zetu za historia ya fasihi ya Kiswahili tumezoea kusafiri njia moja. Tunaanzia Pate na Lamu na tenzi zake, tunashuka Mombasa kwa Muyaka, tunavuka Unguja, tunapita Tanga kumsalimu Shaaban Robert, kisha tunaingia Dar es Salaam na riwaya za baada ya uhuru. Safari inaishia hapo. Kusini ya Kilwa ni kama hakuna mtu aliyewahi kushika kalamu. Mwulize mwenzako darasani kuhusu Mtwara na nchi ya mto Ruvuma: atakutajia korosho, vinyago vya Wamakonde, na siku hizi gesi ya Mnazi Bay. Je, maandishi? Hapo atanyamaza, au atasema eti kule ni fasihi simulizi tu.

Makala haya yana nia ya kubishana na ukimya huo. Hoja yangu ni hii: kusini kulikuwa na maandishi tangu karne ya 19, na sehemu yake kubwa ilizaliwa mahali ambapo sisi wahakiki hatupendi kuchungulia, yaani katika parokia za wamisionari. Rejista ya ubatizo, kitabu cha shule, orodha ya waliopewa nguo na chakula, taarifa ya mwalimu wa kijijini: hivi vyote ni maandishi yenye fani na maudhui, na humo ndimo mtu wa kawaida wa kusini alipoandikwa kwa jina lake. Lakini aliandikwa na nani, na kwa sharti gani? Hilo ndilo swali la kihakiki, na ndilo litakaloongoza mjadala huu.

Parokia ni nini?

Wakatoliki husema parokia. Kwa Waanglikana wa kusini mtasikia pia neno mtaa. Kwa vyovyote, wengi wetu tukisikia neno hilo tunafikiria jengo la kanisa na padri wake. Katika Uingereza ya zamani, ambako Waanglikana walilitoa jambo hili, parokia ilikuwa zaidi ya hapo. Ilikuwa serikali ndogo ya kijiji.

Mwaka 1538, Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry wa Nane, aliagiza kila parokia iwe na kitabu cha kuandika ubatizo, ndoa na maziko. Mwaka 1601, chini ya Malkia Elizabeth wa Kwanza, sheria ya maskini iliipa kila parokia wajibu wa kuwatunza mafukara wake kwa kodi waliyotozwa wenye mali. Wakateuliwa wasimamizi wa maskini, nao wakawa na daftari: nani kapewa mkate, nani kanunuliwa viatu, nani kalipiwa sanda. Sheria ya mwaka 1662 ikaongeza ukali. Maskini mgeni aliweza kurudishwa parokia ya kwao, ili asile kodi ya watu wengine. Kwa hiyo daftari halikuandika msaada tu, lilimtambulisha nani ni mwenyeji na nani si mwenyeji. Mwaka 1834 utaratibu ulibadilishwa, parokia zikaunganishwa katika miungano, na maskini wengi wakaingizwa katika nyumba za kazi, maisha ambayo Charles Dickens aliyakejeli katika riwaya zake.

Kisha ikaja shule. Mwaka 1811 Kanisa la Uingereza lilianzisha chama cha kuwasomesha watoto wa maskini, na shule zikaota kando ya makanisa. Tangu mwaka 1862, mwalimu mkuu wa shule iliyopokea ruzuku ya serikali alitakiwa kuandika kitabu cha kumbukumbu za shule.

Basi parokia ya Kiingereza ilikuwa vitu vitatu kwa mpigo: kanisa, shule na ghala la maskini. Kila kimoja kilikuwa na daftari lake. Tukilikumbuka hilo tutaelewa kilichofika Masasi.

Kutoka Lincolnshire hadi Masasi

Edward Steere, tunayemjua kwa vitabu vyake vya mwaka 1870 kuhusu lugha na ngano za Waswahili, alikuwa padri wa parokia ya mashambani, Little Steeping katika jimbo la Lincolnshire, kabla ya kuja Afrika na Misheni ya Vyuo Vikuu, UMCA. Yaani mtu huyu alikuwa ameishi ndani ya utaratibu nilioueleza hapo juu. Misheni ilihamia Unguja mwaka 1864 chini ya Askofu Tozer, na mwaka huohuo Sultani Majid akamkabidhi askofu wavulana watano waliokuwa watumwa. Hao ndio walikuwa mwanzo wa shule ambayo baadaye ikawa chuo cha Kiungani. Mwaka 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kufunga masoko ya watumwa, na Krismasi ya mwaka huo likawekwa jiwe la msingi la kanisa la Mkunazini, palepale penye soko.

Sasa pakawa na tatizo la maskini wa aina mpya. Watu waliokamatwa katika majahazi na manowari za Kiingereza walishushwa Unguja wakiwa huru, lakini hawana ndugu, hawana shamba, na wengine hata lugha ya pwani hawaijui. Kwetu husemwa mtu ni watu. Basi asiye na watu ndiye fukara wa mwisho. Misheni ilijenga kijiji chao Mbweni. Lakini wengi walikuwa wametoka bara, Uyaoni, Umakuani na Nyasa. Ndipo Steere, akiwa askofu tangu mwaka 1874, alipofikiria kuwarudisha.

Mwaka 1876 aliondoka Unguja na watu zaidi ya 50 walioachwa huru, wanaume kwa wanawake, wakashukia Lindi na kutembea kuelekea bara. Nia ilikuwa kusogea upande wa Ziwa Nyasa. Walipofika Masasi, penye milima ya mawe na ardhi nzuri, safari ikakomea pale. Wakagawiwa viwanja na mashamba; pakajengwa kanisa na shule. Vile vitu vitatu vya Little Steeping vikasimama chini ya miamba ya Masasi.

Ila kulikuwa na tofauti moja kubwa. Kule Uingereza parokia iliwakuta wanakijiji. Huku parokia iliwaumba. Kanisa likawa mwenye ardhi, mlezi, mwajiri, na mara nyingi hakimu wa kesi za wakazi wake. Anayekugawia shamba ndiye anayekubatiza, ndiye anayemfundisha mwanao, na ndiye anayekuandika. Msaada na maandishi vikatoka mkono mmoja.

Mwaka 1882 Wangoni, ambao wakati huo waliitwa Magwangwara, waliivamia Masasi. Kijiji kiliharibiwa, watu wakauawa na wengine wakachukuliwa mateka. Kitovu cha misheni kikahamia Newala, karibu na kwa Matola, mkuu wa Wayao, juu ya uwanda unaotazama bonde la Ruvuma. Hapo ndipo Chauncy Maples alipofanya kazi kwa miaka kadhaa. Masasi ilifufuka baadaye, ikachomwa tena mwaka 1905 wakati wa Maji Maji, pamoja na misheni za Wabenediktini za Lukuledi na Nyangao.

Daftari kama fani

Tuje kwenye uhakiki. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1812 iliifanya rejista ya ubatizo kuwa jedwali lililopigwa chapa: jina la mtoto, majina ya wazazi, mahali wanapoishi, kazi ya baba, jina la aliyebatiza. Mwanafunzi wa fasihi akiona jedwali hilo aone fani. Kila safu ni swali, na mpangilio wa maswali umeshaamua hadithi itakuwaje. Inadhaniwa kwamba kila mtu ana baba anayejulikana, ana mahali, ana kazi.

Hebu sasa tumfikirie kijana aliyetekwa akiwa mdogo, akauzwa mara mbili au tatu, akaokolewa baharini. Ajaze nini kwenye safu ya wazazi? Mahali pa kwao ni wapi: kijiji alichoibwa, soko alikouzwa, au kiwanja alichogawiwa juzi? Fani iliyotungwa kwa ajili ya mkulima wa Lincolnshire inapomkabili mtu huyu inaanza kuvunjika. Na sisi tunafundishwa kwamba fani inapovunjika ndipo maudhui yanapojitokeza. Safu iliyo tupu inaweza kusema juu ya utumwa kuliko kurasa kumi za mahubiri.

Tazama pia majina. Miongoni mwa wale wavulana watano wa Sultani Majid walikuwamo John Swedi na George Farajallah. Baadaye akaja Cecil Majaliwa, Myao aliyekombolewa utumwani, akasomeshwa Kiungani na Uingereza, akawa shemasi mwaka 1886 na padri mwaka 1890. Jina la kwanza lina asili ya Kiingereza. La pili lina asili ya pwani. Farajallah ni faraja itokayo kwa Mungu. Majaliwa ni yale mtu aliyojaliwa. Jina moja linaelekea kwa wafadhili, la pili linaelekea kwa watu wa pwani. Tukikuta jina la namna hiyo katika riwaya tungeandika insha nzima juu ya jazanda na utambulisho. Tukilikuta katika rejista tunasema ni kumbukumbu tu! Kwa nini?

Mfano mwingine ni taarifa za walimu. Mwaka 1888 Kiungani walianza kuchapa gazeti la Kiswahili lililoitwa Msimulizi. Walimu Waafrika waliosambazwa kwenye vituo, wakiwamo wa upande wa Ruvuma, walituma habari za huko: shule, safari, wageni, wagonjwa, watu waliobatizwa. Zingatieni hilo jina. Neno hilohilo ndilo tunalolitumia darasani kwa nafsi inayosimulia. Miaka 46 kabla ya riwaya fupi ya James Mbotela, na Shaaban Robert akiwa bado hajazaliwa, walimu wa vijijini walikuwa wanajifunza kusimulia kwa nathari ya Kiswahili, kwa hati za Kirumi, mambo ya kila siku ya watu wadogo.

Linganisha na maandishi mengine ya pwani ileile. Habari za miji ya Lindi na Sudi, ambazo Mjerumani Carl Velten alizichapa mwaka 1907, ni tarihi za miji: nani alitangulia kufika, nani alitawala, nani alirithi. Ni maandishi yenye thamani kubwa, nayo yana fani yake. Lakini kitovu chake ni ukoo wa wenye mji, na mtumwa si mwenye hadithi humo. Katika daftari la parokia mtumwa wa jana anapata mstari wake mwenyewe. Ni mstari mmoja tu, sawa, lakini ni wake.

Kalamu ya nani?

Najua pingamizi litakalokuja. Wenzangu watasema: ndugu, hayo ni maandishi ya kasumba. Mmisionari ndiye mwenye karatasi, ndiye mwenye wino, ndiye anayechagua kipi kichapwe. Pingamizi hili lina uzito, na haliwezi kupuuzwa.

Ushahidi upo. Mwaka 1887 A. C. Madan, mtunzi wa kamusi, alichapisha London kitabu kiitwacho Kiungani, chenye masimulizi ya wavulana wa shule za UMCA kuhusu makwao, kutekwa kwao na safari yao ya utumwani. Vijana ndio waliosimulia. Madan ndiye aliyetafsiri, akapanga na kutoa kitabu kwa Kiingereza. Wasomaji waliolengwa walikuwa Uingereza, ndio hao waliochangia misheni. Uhuru wa Watumwa cha Mbotela, kilichotoka mwaka 1934, nacho kilitokana na kijiji cha walioachwa huru, ingawa si cha UMCA bali Freretown karibu na Mombasa, kilichoanzishwa na wamisionari wa CMS mwaka 1875. Sote tunakijua, na sote tumewahi kukishutumu kwa jinsi kinavyowasifu Waingereza. Wengi tunaishia hapo: kasumba, basi, tufunge kitabu.

Mimi naona tunafunga mapema mno. Sifa zile kwa mfadhili tuzichukue kwanza kama sharti la fani. Aliyewahi kusomeshwa na mfadhili anaijua barua ya shukrani. Unaanza kwa salamu, unashukuru, unaeleza maendeleo, unashukuru tena. Anayekusoma hawezi kujua moyo wako wote kwa barua hiyo, wala wewe hukuiandika ili aujue. Msaada wa parokia, tangu enzi za sheria ya maskini, ulikuwa na fani hiyo: anayepokea huonyesha kwamba anastahili. Yule maskini wa Kiingereza aliyejieleza mbele ya wasimamizi na yule kijana wa Kiungani aliyesimulia mbele ya mwalimu walitungia chini ya sharti linalofanana.

Kwa hiyo kazi ya mhakiki ni kutafuta kile ambacho shukrani haikuhitaji. Mfadhili anahitaji kusikia kwamba utumwa ulikuwa mbaya na kwamba misheni ni njema. Hahitaji chakula walichokula njiani, kitu gani kilitolewa kumnunua mtu, mchezo waliocheza watoto siku ile kabla ya kutekwa. Mambo kama hayo yakijipenyeza, ujue msimulizi ameanza kusema kwa ajili yake mwenyewe. Njia hii ya kusoma haitulazimishi kumpenda mmisionari wala kumtukana. Inatutaka tusome polepole.

Isitoshe, kalamu haikubaki mkononi mwa Mzungu milele. Majaliwa aliongoza kazi ya Chitangali tangu mwaka 1886 kwa miaka kama kumi, katika nchi ya Barnaba Nakaam, mkuu wa Wayao aliyekuwa Mkristo. Yohanna Abdallah, padri Myao wa UMCA aliyehudumu Unangu, ng'ambo ya Ruvuma, aliandika historia ya watu wake kwa Kiyao; Meredith Sanderson aliitafsiri na ikachapwa Zomba mwaka 1919, Kiyao na Kiingereza pamoja. Huyu padri hakuandika orodha ya waliobatizwa. Aliandika Wayao walitoka wapi, wakasafiri na kufanya biashara vipi, wakatawanyika vipi. Mtoto wa parokia alichukua ujuzi wa parokia, kuandika majina na matukio, akautumia kuhifadhi habari za ukoo wake. Kwangu hii ndiyo hatua kubwa katika historia ya uandishi wa kusini: fani ilibadili mwenyewe.

Vita ya Kwanza ya Dunia ilipokuja, Wajerumani waliwaweka kizuizini wamisionari Waingereza, na parokia zikabaki mikononi mwa mapadri na walimu Waafrika. Baadaye Vincent Lucas, askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Masasi kuanzia mwaka 1926 hadi 1944, alipata sifa kwa kuingiza jando katika Ukristo. Profesa Terence Ranger, aliyefundisha historia Dar es Salaam miaka ya 1960, aliichunguza habari hii na kuonyesha kwamba Waafrika wa kanisa hilo walikuwa na sehemu kubwa katika kuamua mambo yaendeje. Somo kwa mhakiki ni wazi. Jina lililo juu ya jalada si lazima liwe la mtunzi peke yake.

Niongeze jambo moja ili nisieleweke vibaya. Parokia haikuwa kusini nzima. Mikindani, Lindi na vijiji vya pwani hadi mdomo wa Ruvuma ni nchi za Uislamu tangu zamani, zenye vyuo vyake vya Kurani, zaka na sadaka zake kwa maskini, barua na nasaba zake kwa hati za Kiarabu. Maandishi hayo nayo yanahitaji wahakiki, na swali litakuwa lilelile: nani ameandikwa, nani ameachwa, na aliyepewa amesemeshwa nini?

Hitimisho

Kwa nini jambo hili linatuhusu sisi, si wanahistoria tu? Kwanza, kwa sababu ya mahali maandishi yalipo. Nyaraka za ofisi ya UMCA ya London zimehifadhiwa Oxford, katika maktaba ya Bodleian. Zimetunzwa vizuri, lakini mjukuu wa aliyeandikwa humo anahitaji nauli ya ndege kwenda kumsoma babu yake. Kwa huku kwetu, karatasi ina maadui wawili wanaofahamika, mchwa na unyevu, nao hawangoji tumalize semina. Zaidi ya hayo, shule za misheni zilitwaliwa na serikali kwa sheria ya mwaka 1969, zikiwamo za eneo la Masasi kama Chidya. Shule ikabadili mwenyewe. Tujiulize madaftari yake ya zamani yalihamia kabati gani.

Pili, kwa sababu tunawatuma wanafunzi kila mwaka vijijini kukusanya ngano, vitendawili na nyimbo za jando. Kazi nzuri. Lakini mwanafunzi huyohuyo anapita mlangoni mwa ofisi ya kanisa bila kubisha hodi, kwa kuwa hajaambiwa kwamba ndani mwaweza kuwa na nathari ya miaka mingi. Pendekezo langu kwa walimu wetu ni dogo. Mradi mmoja wa uwandani uwe wa maandishi ya parokia: kwa ruhusa ya wenyewe, tunakili, tuhoji wazee na makatekisti wanaoyajua majina yale, kisha turudi darasani tuyahakiki kwa zana zilezile tunazozitumia kwa riwaya.

Tukifanya hivyo tutakuta mengi ya kuchosha: mvua, mahudhurio, idadi ya shuka. Na katikati ya shuka hizo tutakuta jina la mtu, na mbele ya jina safu ambayo karani hakuwa na la kuandika. Mhakiki aanzie hapo.